Sanamu ya Mji ni Kazi ya Nani?

MASOMO YA RADIO KWA WATU WAZIMA

(Maneno haya yalisomwa katika radio na Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima. Yamepigwa chapa ili wanafunzi wayasome tena darasani pamoja na mwalimu wao.)

Wiki iliyopita tulizungumza juu ya kodi ya nyumba, tukaona fedha hiyo huingia wapi na hutoka wapi. Leo twataka kusema juu ya kitu ambacho watu wengi hupita mbele yake kila siku bila kuuliza ni cha nani. Kitu hicho ni sanamu iliyosimama njia panda, au picha iliyochorwa katika ukuta wa soko, au nakshi iliyo juu ya mlango wa maktaba ya mji.

Nianze kwa kisa kilichonipata mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifanya kazi katika mji mmoja mdogo. Idara moja ya mji ilitoa fedha ya rangi, na wanafunzi wa darasa letu la jioni wakachora picha katika ukuta wa soko. Walichora wanawake wakitwanga, wavuvi wakivuta jarife, na mzee mmoja ameshika gazeti, akilisoma kwa mara ya kwanza. Yule mzee alikuwa mtu hasa, mwanafunzi mwenzetu. Kila asubuhi alipita pale kujitazama.

Baada ya miezi minane, idara nyingine ya mji uleule ilileta mafundi kupaka chokaa kuta zote za soko, kwa sababu mkaguzi wa afya alikuwa karibu kuja. Walipomaliza, ukuta ulikuwa mweupe pe.

Nikaenda kuuliza. Idara ya kwanza iliniambia, "Sisi tulitoa rangi tu. Ukuta si wetu." Idara ya pili iliniambia, "Sisi tuna amri ya kuweka kuta safi. Hakuna aliyetupa habari ya picha." Wote wawili walisema kweli. Hakuna aliyevunja amri. Lakini picha ilikuwa imekwisha kufa.

Basi somo la leo latoka katika ukuta ule.

Kazi tano

Sanamu na picha zilizowekwa mahali pa watu wote, kwa ajili ya watu wote, huitwa sanaa ya umma. Kila kazi ya sanaa ya umma ina mambo matano ambayo hapana budi yafanywe na mtu. La kwanza, kuchagua: nani aamue iwe sanamu hii wala si ile? La pili, kulipa. La tatu, mahali: nani mwenye kiwanja, ukuta au barabara? La nne, kutunza: nani aioshe, nani aizibe ikipata ufa? La tano, kuondoa: siku watu wakiikataa, nani mwenye haki ya kuishusha?

Katika nyumba ya mtu mmoja, mambo haya yote matano ni ya mwenye nyumba. Katika mji si hivyo. Mji una idara nyingi, na kila idara ina kazi yake na kitabu chake cha hesabu.

Ili tuone jinsi idara zinavyogawana kazi hii, nimechagua mji wa New York huko Marekani. Sikuuchagua kwa kuwa ni bora kuliko miji yetu. Nimeuchagua kwa kuwa kule wameandika katika sheria nani afanye nini, na makosa yao pia yanajulikana. Tutajifunza kwa yote mawili.

Fahali aliyekuja usiku

Usiku wa kuamkia tarehe 15 Desemba 1989, mchonga sanamu mmoja aitwaye Arturo Di Modica, mzaliwa wa kisiwa cha Sicily, alileta lori mpaka mbele ya soko la hisa la New York. Soko la hisa ni mahali ambapo watu hununua na kuuza mafungu ya makampuni. Juu ya lori lile palikuwa na sanamu ya fahali mwenye hasira, iliyotengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na bati, yenye uzito wa zaidi ya tani 3. Bwana Di Modica aliishusha barabarani, akaiacha. Aliitengeneza kwa fedha yake mwenyewe, wala hakuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Alisema ni zawadi ya Krismasi kwa watu wa mji.

Asubuhi watu walijaa kuitazama. Lakini wakubwa wa soko la hisa hawakuitaka, na siku hiyohiyo ikachukuliwa na kupelekwa mbali. Watu wakanung'unika. Hapo mkuu wa Idara ya Bustani, Bwana Henry Stern, alitoa nafasi katika mahali paitwapo Bowling Green, si mbali na pale. Kabla ya Krismasi fahali alikuwa amekwisha simama huko. Kibali alichopewa kilikuwa kibali cha muda tu.

Ndugu wasikilizaji, muda ule umepita miaka thelathini, na fahali yupo bado. Lakini tazameni matata yaliyozaliwa. Mji haukumnunua. Hakuchaguliwa na tume yoyote. Mwaka 2019 wakubwa wa mji walitaka kumhamisha, kwa kuwa watu wanaojaa pale walikuwa hatarini. Halmashauri ya mtaa ilikataa mwaka 2020, na fahali akabaki. Mgeni aliyeingia bila kupiga hodi, wenyeji hawajui wamwekee kitanda wapi.

Sasa tutazame jinsi kazi inavyokwenda sanamu inapoingia kwa mlango.

Kuchagua na kulipa

Mwaka 1982 mji wa New York ulitunga sheria juu ya fedha ya sanaa. Sheria ile yasema kwamba mji unapojenga jengo kwa fedha yake, kama shule, maktaba au kituo cha polisi, sehemu ya fedha hiyo itumiwe kwa kazi ya sanaa. Sehemu hiyo ni asilimia moja, yaani moja katika kila mia, ingawa kwa majengo ya gharama kubwa sana sheria imeweka mpaka.

Chukueni kalamu, tufanye hesabu. Tuseme maktaba itajengwa kwa dola 10,000,000. Gawanyeni kwa 100. Mmepata ngapi? Dola 100,000. Hiyo ndiyo fungu la sanaa. Ni kidogo ukilinganisha na jengo zima, lakini inatosha kumlipa fundi hodari kwa kazi yake, na tena haiombwi kwa mtu kama sadaka. Imo katika hesabu tangu siku ya kwanza.

Je, nani amchague fundi? Kazi hii huongozwa na Idara ya Utamaduni. Lakini idara hiyo haiamui peke yake. Huketi pamoja na idara itakayolitumia jengo, idara inayolijenga, na watu wenye ujuzi wa sanaa. Watu wa mtaa nao hupewa nafasi ya kusema. Sababu yake ni wazi. Fundi wa utamaduni aweza kupenda sanamu ndefu yenye ncha kali, lakini mwalimu wa shule ile ndiye ajuaye kwamba watoto wataipanda.

Baada ya hapo mpango huenda mbele ya tume moja iliyoanzishwa mwaka 1898, wakati sehemu tano za New York zilipounganishwa kuwa mji mmoja. Zamani iliitwa Tume ya Sanaa. Siku hizi twaweza kuiita Tume ya Usanifu wa Umma. Ina wajumbe 11, nao hawalipwi mshahara. Kuna mwakilishi wa Meya. Wawakilishi wa majumba mawili makubwa ya makumbusho na wa maktaba kuu. Mchoraji, mchonga sanamu, msanifu wa majengo na msanifu wa bustani. Na raia wengine watatu. Kazi ya sanaa itakayokaa daima katika mali ya mji haiwezi kusimamishwa mpaka tume hii ikubali. Na ikisha kusimamishwa, haiwezi kuondolewa mpaka tume ikubali pia. Likumbukeni neno hili la pili, maana tutalirudia.

Mwenye mahali

Watu wengi hudhani kwamba mahali pa watu wote hapana mwenyewe. Si kweli. Sanamu ikiwa ndani ya bustani ya mji, iko chini ya Idara ya Bustani. Ikiwa kando ya barabara, au katika uwanja wa wapita njia, iko chini ya Idara ya Uchukuzi. Ikiwa ndani ya shule, wenye shule ndio waangalizi.

Ukishuka kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi, utaona picha nzuri za vigae kutani. Hizo si za idara yoyote ya mji. Treni zile zaendeshwa na shirika jingine, lililoundwa kwa sheria ya Jimbo la New York, nalo lina ofisi yake ya sanaa tangu mwaka 1985. Kwa hiyo raia akiona kigae kimeanguka stesheni akaenda kulalamika kwa Idara ya Bustani, amebisha mlango usio wake.

Idara zenye mahali zina haki nyingine. Kazi ya sanaa ya muda, isiyozidi mwaka mmoja, zaweza kuiruhusu bila kungoja ile tume kubwa. Idara ya Bustani imekuwa ikifanya hivyo tangu mwaka 1967. Hii ni njia nzuri kwa vijana wasiojulikana. Sanamu husimama, watu huiona, kisha huondoka salama na kumpisha mwingine.

Kutunza

Sasa twafika penye kazi ngumu kuliko zote, nayo ndiyo isiyo na sifa. Siku ya kufunua sanamu kuna ngoma, hotuba na kukata utepe. Siku ya kuiosha hakuna hata mpiga picha mmoja.

Shaba haiozi kama mti, lakini haikosi adui. Mvua iliyochanganyika na moshi wa magari na viwanda huila polepole. Mavi ya njiwa yana ukali unaochoma rangi yake. Chumvi ya bahari huipa madoa ya kijani. Dawa yake si ngumu. Huoshwa kwa maji na sabuni isiyo kali, hukaushwa, kisha hupakwa nta. Nta hukaa juu ya shaba kama mafuta juu ya ngozi ya mtu, na kuzuia maji yasipenye. Mtu asisugue kwa mchanga wala kwa brashi ya waya. Atadhani amesafisha, kumbe ameichubua. Na kazi hii haifanywi mara moja ikaisha. Nta huchakaa, lazima ipakwe tena na tena.

Mji wa New York ulichelewa kulijua jambo hili. Kwa miaka mingi sanamu nyingi za bustani zilikaa bila matunzo ya kutosha, nyingine zikapoteza mikono, panga na vibao vya majina. Mwaka 1987 chama kimoja cha raia, Municipal Art Society, kiliungana na Idara ya Bustani na ile tume ya sanaa, wakaanza mpango wa watu na makampuni kuzilea sanamu zilizoharibika, kama mtu anavyomlea mtoto wa ndugu. Mwaka 1997 Idara ya Bustani ilianzisha kikosi chake cha kutunza sanamu, na kikosi hicho hufundisha vijana ufundi huo. Wahenga wetu walikwisha sema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nta ya kila mwaka ni rahisi kuliko mkono mpya wa shaba.

Je, na zile kazi zilizowekwa kwa sheria ya asilimia moja? Zile hutunzwa na idara yenye jengo. Hapa ndipo penye hatari. Sheria hutoa fedha ya kutengeneza, lakini idara yenye jengo ndiyo itakayotafuta fedha ya kutunza, mwaka hata mwaka, katika mfuko uleule unaonunua taa na kuziba paa linalovuja. Mkuu wa shule asipokumbushwa, atanunua taa.

Kuondoa

Sikilizeni sasa kisa cha mwisho, maana kinawahusu watu wenye damu ya Afrika.

Katika bustani ya Central Park, penye barabara ya Fifth Avenue na mtaa wa 103, ilikuwapo sanamu ya daktari aitwaye J. Marion Sims. Sanamu yenyewe ilisimamishwa kwanza mwaka 1894 katika bustani nyingine, ikahamishiwa pale mwaka 1934. Daktari huyo alisifiwa sana kwa kugundua njia ya kutibu fistula, ugonjwa unaowapata wanawake baada ya uzazi mgumu. Lakini alijifunzaje? Katika miaka ya 1840, huko Alabama, aliwapasua wanawake watumwa, mara nyingi, bila dawa ya usingizi. Watumwa hawana nafasi ya kukataa. Majina ya watatu kati yao yanajulikana: Anarcha, Betsey na Lucy. Hao hawakuwa na sanamu.

Watu wa mtaa ule, wakiwamo weusi na watu wa asili ya Puerto Rico, walidai kwa miaka mingi kwamba sanamu iondolewe. Mwaka 2017 Meya Bill de Blasio aliteua baraza la watu wa kumshauri juu ya sanamu za mji. Baraza lilisikiliza raia katika sehemu zote tano za New York, likatoa ushauri Januari 2018. Lakini ushauri si amri, na Meya mwenyewe hakuweza kutuma watu na nyundo usiku. Jambo lilikwenda mbele ya ile tume ya wajumbe 11. Tarehe 16 Aprili 2018 tume ilipiga kura, na wote waliohudhuria wakakubali. Siku ya pili yake Idara ya Bustani ilileta winchi, ikaishusha sanamu mchana kweupe, na watu wakitazama.

Mnaona jinsi kazi ilivyogawanywa? Raia walidai. Baraza lilishauri. Tume iliamua. Idara ilitenda. Hakuna aliyeingilia kazi ya mwenzake.

Linganisheni na sanamu tunazozijua sisi. Pale Dar es Salaam, mahali anaposimama Askari, Wajerumani walisimamisha sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa, na mwaka 1927 wakamfunua Askari tunayemwona hata leo. Ile ya Wissmann ilifika Ujerumani, ikasimamishwa Hamburg mwaka 1922, na mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu wakaiangusha. Mara moja iliondolewa na jeshi, mara ya pili kwa kamba za vijana. Wenyeji wa Dar es Salaam hawakuulizwa ilipokuja, wala hawakuulizwa ilipokwenda.

Je, wakubwa si wengi mno?

Najua mwanafunzi mmoja huko nyuma amekwisha inua mkono. Asema, "Mwalimu, manahodha wengi chombo huenda mrama. Idara zote hizi za nini?"

Swali lako lina maana, ndugu yangu. Njia hii ni ndefu. Fundi aweza kungoja miaka kabla ya kazi yake kusimama, na karatasi yaweza kulala mezani kwa mtu. Lakini tazama ndani ya jahazi. Nahodha huamua safari, serahangi huwaongoza mabaharia, mwingine hushika usukani, mwingine huteka maji ngamani. Hao si manahodha wengi. Kila mmoja ana kazi moja, naye ajulikana kwa jina. Chombo hakizami kwa sababu watu ni wengi. Huzama kwa sababu kila mtu alidhani maji yanatekwa na mwenziwe.

Ndivyo ilivyokuwa katika ukuta wetu wa soko. Idara mbili si nyingi. Zilikosa karatasi moja tu, iliyoandikwa: picha hii iko chini ya fulani.

Mwaka uliofuata tulichora tena. Safari hii, kabla ya kufungua kopo la rangi, tuliandika barua kwa idara zote mbili. Tuliuliza maswali matano: Nani amechagua? Nani analipa? Nani mwenye ukuta? Nani atatunza? Na ikiwa lazima iondolewe, nani ataamua, na sisi tutaambiwa lini? Majibu yalikuja kwa maandishi, yenye sahihi na muhuri. Nakala imo darasani ndani ya kabati. Barua yetu iliandikwa na yule mzee wa gazeti, kwa mkono wake. Ilimchukua jioni tatu.

Kwa herini, ndugu wasikilizaji, mpaka wiki ijayo, tutakapozungumza juu ya maji ya bomba.

MANENO YA KUJIFUNZA

Sanaa ya umma: sanamu, picha na nakshi zilizowekwa mahali pa watu wote.
Idara: sehemu ya serikali au ya mji yenye kazi yake maalum.
Tume: watu walioteuliwa kufanya kazi moja iliyowekwa.
Kibali: ruhusa iliyoandikwa.
Asilimia: sehemu moja katika mia.
Ngama: sehemu ya chini ndani ya chombo, maji yanakokusanyika.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Idara mbili za mji katika kisa cha kwanza zilisema kweli. Kwa nini basi picha ilipotea?
2. Shule inajengwa kwa dola 4,000,000. Asilimia moja ni dola ngapi?
3. Kwa nini Meya wa New York hakuiondoa sanamu ya daktari kwa amri yake peke yake? Je, mwaona ni vyema hivyo?
4. Itajeni sanamu au picha moja iliyo mahali pa watu wote katika mji wenu. Ulizeni yale maswali matano juu yake. Ni maswali mangapi mwaweza kuyajibu?
5. Andikeni barua fupi, ya mistari sita, kwa ofisi ya mji wenu, kuuliza nani anaitunza.